Djokovic wa 2011, wa 2015 au wa 2023: anayejifunza tenisi amfuate yupi?

Ukimtafuta Novak Djokovic mtandaoni, mechi zake za karibu miaka 20 zinakujia zimechanganyika kama nguo za mtumba kwenye bando. Anayejifunza anachomoa sevu (pigo la kuanzisha pointi) ya 2023, anaiunganisha na mtelezo wa 2011, kisha baada ya wiki mbili anashangaa nyonga inauma na mpira bado unaenda nje. Kosa si la video. Mserbia huyu amebadilika mara kadhaa, na kila alivyobadilika kulikuwa na sababu yake: mwili, mpinzani au umri.

Hapa tunalinganisha misimu mitatu. Katika kila mmoja alibeba mataji matatu ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya mwaka: Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open) na moja likamponyoka, kwa hiyo kwa ubora wa matokeo inakaribiana. Mwaka 2021 nao ulikuwa hivyo hivyo, hadi Daniil Medvedev alipomzuia kwenye fainali ya US Open, lakini kiufundi yule ni Djokovic wa 2023 mwenye miguu michanga kidogo, basi tunamwacha.

| | 2011 | 2015 | 2023 |
|---|---|---|---|
| Umri aliotimiza Mei | 24 | 28 | 36 |
| Ushindi na vipigo | 70–6 | 82–6 | 56–7 |
| Mataji yote | 10 | 11 | 7 |
| Masters 1000 (daraja la chini ya Grand Slam) | 5 | 6 | 2 |
| Grand Slam iliyomponyoka | Roland Garros, nusu fainali (Federer) | Roland Garros, fainali (Wawrinka) | Wimbledon, fainali (Alcaraz) |
| Kocha | Marian Vajda | Boris Becker na Vajda | Goran Ivanišević |

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: kijana wa chini ya miaka 20 mwenye mwili uliozoeshwa mazoezi achukue mapokezi ya sevu ya 2011. Kocha achukue 2015. Wengine wote, yaani wale wanaocheza jioni mbili kwa wiki baada ya kazi, wachukue 2023, hata kama video za 2011 ndizo zinazosisimua zaidi.

2011: mapokezi ya sevu na bekihendi ya mstari

Kabla ya msimu huu alikuwa na Grand Slam moja tu, Australian Open ya 2008. Mwaka 2010 sevu yake ilikuwa imeharibika baada ya kubadilishiwa mwendo wa mkono, na alikuwa akikosa sevu zote mbili anazoruhusiwa kwa pointi katika nyakati mbaya kabisa. Pumzi nayo ilikuwa ikimkatikia kwenye mechi ndefu. Katikati ya mwaka huo aliacha vyakula vyenye gluteni, sevu ikarudishwa kwenye mwendo wa zamani, na Desemba Serbia ikatwaa Davis Cup (mashindano ya timu za mataifa) mjini Belgrade kwa kuifunga Ufaransa 3–2. Kuanzia Januari alishinda mechi 41 za msimu bila kupoteza hata moja, hadi Roger Federer alipomsimamisha Roland Garros tarehe 3 Juni.

Kilichotisha zaidi kilikuwa kupokea. Mwaka huo alivunja, yaani alishinda mpinzani akiwa ndiye anayepiga sevu, karibu gemu nne katika kila kumi za wapinzani wake. Ukitaka kuona inavyofanyika, usiangalie raketi. Angalia miguu, kwa mpangilio huu.

Anasimama karibu na mstari wa nyuma, miguu imetanuka kupita mabega, uzito ukiwa kwenye vidole. Mpinzani anaporusha mpira juu, yeye anaanza kusogea mbele. Anaruka kidogo sana, kimo cha kuweza kupitisha kitabu chini ya viatu, na anatua wakati ule ule raketi ya mpinzani inapogonga mpira. Hapo ndipo siri ilipo. Ukitua mapema, mwili umeshapoa mpira unapofika. Ukichelewa, bado uko hewani na huwezi kwenda kulia wala kushoto. Baada ya kutua anageuza mabega tu, raketi hairudi nyuma kupita bega. Mpira wa kwanza haupigwi pembeni kutafuta sifa, bali katikati na mbali, karibu na miguu ya aliyeanzisha, ambaye bado hajajipanga baada ya sevu yake.

Kwa mazoezi, chora kwa chaki, upande wa mwenzako, boksi la mita 1.5 kutoka mstari wa nyuma kuja ndani, katikati ya uwanja. Mwenzako akuanzishie mipira 20. Usianze kulenga pembe mpaka 12 kati ya 20 ivuke mstari wa sevu wa upande wa pili, na angalau 5 ianguke ndani ya boksi. Wengi hukwama kwenye 7 au 8 kwa sababu moja: wanapiga pokezi kwa kurudisha raketi mbali nyuma kama wanaopiga mpira wa kawaida. Sevu tayari ina kasi ya kutosha. Wewe kazi yako ni kuizuia na kuigeuza.

Silaha ya pili ya 2011 ni bekihendi (pigo la upande usio wa mkono wa raketi) ya mikono miwili inayokwenda sambamba na mstari wa pembeni. Rafael Nadal, mwenye mkono wa kushoto, alizoea kuwamaliza watu kwa fohendi (pigo la upande wa mkono wa raketi) ya kukata uwanja kwa mshazari, mpira ukizunguka sana, inayodunda hadi begani kwa mpinzani wa mkono wa kulia. Anayepiga bekihendi kwa mkono mmoja akikutana na mpira wa kimo hicho anarudisha mfupi, na mfupi kwa Nadal ni kifo. Djokovic aliusubiri pale pale begani, akaupiga ukiwa bado unapanda na kuupeleka mstarini, upande ambao Nadal alikuwa ameuacha wazi. Walikutana kwenye fainali sita mwaka huo: Indian Wells, Miami, Madrid, Roma, Wimbledon na US Open. Zote sita alishinda Djokovic, mbili kati yake zikiwa kwenye udongo.

Mkono wa kulia, ulio chini, unashika raketi kama nyundo. Wa kushoto uko juu yake, na huo ndio unaopiga. Wa kulia unaongoza tu. Jaribu kupiga mipira 10 kwa mkono wa kushoto peke yake kutoka mita chache tu nyuma ya wavu, utaelewa mara moja. Ila usiufanye mstari kuwa pigo lako la kawaida. Wavu una urefu wa sentimita 91.4 katikati na sentimita 107 kwenye nguzo, na uwanja kwa mshazari una zaidi ya mita 25 wakati moja kwa moja una mita 23.77. Maana yake ukipiga mstarini unavuka wavu mrefu zaidi kwenda kwenye uwanja mfupi zaidi. Djokovic mwenyewe alikuwa akipiga kadhaa za mshazari kwanza, na alibadilisha pale tu alipokuwa amesimama imara.

Mtelezo wake kwenye uwanja mgumu, ule wa kupasua miguu karibu ardhini, tunashauri uachane nao. Yeye ana mwili unaonyumbuka kuliko wengi wa kimo chake cha mita 1.88, na viwanja anavyochezea vimepakwa rangi laini yenye mchanga uliopimwa. Kwenye saruji ya kawaida iliyokwaruzika kiatu kinateleza nusu, kisha kinashika ghafla. Kinachofuata ni kifundo cha mguu au msuli wa ndani ya paja. Ukitaka kujifunza kuteleza, jifunzie kwenye udongo.

Tazama nusu fainali ya US Open ya 2011 dhidi ya Federer. Djokovic alipoteza seti mbili za kwanza, akashinda mbili zilizofuata, na katika ya tano Federer akaongoza 5–3 na 40–15, akiwa na sevu mkononi na pointi mbili za kumaliza mechi. Sevu ya kwanza ilikwenda pembeni, kwenye fohendi ya Djokovic. Aliirudisha kwa mshazari kwa nguvu zote, mpira ukapita kabla Federer hajamaliza kunyanyua mguu. Watu wengi wanaikumbuka pointi ile kama bahati. Rudisha video nyuma uangalie miguu: kijiruko kimetua kwa wakati, bega limegeuka, raketi haijarudi nyuma. Ni pokezi lile lile la siku zote, tofauti ni kwamba safari hii hakulenga katikati. Kwenye pointi ya pili ya kumaliza mechi, fohendi ya Federer iligusa utepe wa wavu ikatoka nje. Djokovic akashinda 7–5.

Lakini msimu huu una bei. Fainali ya Cincinnati dhidi ya Andy Murray aliiacha katikati kwa maumivu ya bega. Kwenye Davis Cup, siku chache baada ya US Open, mgongo ulimtoa mbele ya Juan Martín del Potro. Kati ya vipigo vyake sita vya mwaka mzima, vinne vilikuja baada ya US Open. Anayeiga 2011 anaiga pia mwili ule wa Novemba.

2015: mchezaji asiye na tundu

Huu ndio msimu bora zaidi wa mchezaji yeyote wa kiume katika zama hizi, na tunalisema hilo tukijua wapenzi wa Federer wa 2006 watanuna. Januari alipoteza robo fainali Doha kwa Ivo Karlović, mrefu wa mita 2.11 anayepiga sevu kutoka darini. Baada ya hapo alifika fainali 15 mfululizo. Alimaliza mwaka na pointi 16,585 kwenye orodha ya ubora ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume.

Ugumu wake kwa anayejifunza ni kwamba hakuna cha kuchukua na kuondoka nacho. Ukimuuliza mtazamaji alishindaje, atasema mpinzani alikosea. Ndiyo, mpinzani alikosea, kwa sababu alikuwa akipiga mpira wa nane au wa tisa akiwa amesogezwa hatua moja zaidi kila mara. Mipira ya Djokovic ilikuwa ikianguka ndani ya mita moja na nusu za mwisho wa uwanja, pigo baada ya pigo, bila haraka.

Kilichoongezeka tangu 2011 ni sevu. Alikuwa na Boris Becker tangu mwisho wa 2013, na sevu yake ya pili haikuwa tena mpira wa kubahatisha. Kuvunja alikuwa bado akivunja, karibu gemu moja katika kila tatu, ila sasa hakuhitaji kuvunja mara nyingi ili ashinde seti.

Kwa kocha, fainali ya US Open ya mwaka huo inatosha darasa la wiki nzima. Federer alikuwa na mbinu mpya ya kukimbilia sevu ya pili na kuipiga nusu voli (mpira ukiwa ndio kwanza umedunda) akiwa karibu na mstari wa sevu, na uwanja mzima ulikuwa upande wake. Alipata pointi 23 za kuvunja gemu za Djokovic. Alizitumia 4. Chukua kalamu uandike kila moja kati ya hizo 19 zilizobaki: sevu ilielekezwa wapi, pigo la kwanza baada ya sevu lilikwenda wapi, pointi iliishia kwa kosa la nani. Wapange wanafunzi wawili, mmoja aandike sevu na mwingine pigo linalofuata sevu. Watakachokiona ni kwamba Djokovic hakuvumbua kitu chini ya shinikizo. Alirudia mchezo ule ule uliompeleka pale. Matokeo yalikuwa 6–4, 5–7, 6–4, 6–4.

Na ukitaka kuona jinsi ya kumvunja mchezaji asiye na tundu, tazama fainali ya Roland Garros ambako Stan Wawrinka, akiwa na kaptura ya miraba iliyozungumzwa kuliko mechi yenyewe, alimpiga 4–6, 6–4, 6–3, 6–4. Wawrinka hakujaribu kudumu kwenye mikimbizano (kurudishiana mpira) mirefu. Alipiga kwa nguvu zake zote kabla mkimbizano haujakolea, hasa bekihendi ya mkono mmoja mstarini. Hiyo ni njia ya kamari, na siku hiyo ilijibu.

2023: mzee anayebana matumizi

Kati ya 2015 na hapa kuna kiwiko. Kilimtoa Wimbledon 2017 akicheza na Tomáš Berdych, akapumzika msimu wote uliobaki, na mapema 2018 akafanyiwa upasuaji. Aliporudi alikuwa amefupisha mwendo wa sevu: mkono hauzunguki tena mbali nyuma ya mwili, unapanda kwa njia fupi. Kwa mtu mwenye bega au kiwiko chenye historia, sevu hii ndiyo ya kuiga, si ya 2011. Ivanišević, bingwa wa Wimbledon 2001 aliyeishi kwa sevu, alijiunga naye 2019, na kufika 2023 pointi nyingi zilikuwa zinaisha ndani ya mapigo manne.

Alipunguza pia mechi: 63 kwa mwaka mzima, ukilinganisha na 88 za mwaka 2015. Alichagua mashindano, na kwenye mechi alichagua pointi. Roland Garros mwaka huo alicheza taibreki (gemu ya kuamua seti ikifika 6–6) sita, akashinda zote sita bila kufanya kosa hata moja la kujitakia. Hakupiga mipira ya ajabu humo. Alipunguza kasi kidogo, akalenga ndani zaidi ya mistari na kumwachia mwenzake jukumu la kukosea.

Mbinu yenyewe inashindwa pale mkono unapokaza. Fainali ya Wimbledon, seti ya pili, taibreki 6–5 kwa faida yake, akiwa ameshachukua seti ya kwanza 6–1. Alipiga bekihendi mbili mfululizo wavuni, zile bekihendi ambazo angeweza kuzipiga akiwa usingizini, na Carlos Alcaraz akachukua taibreki 8–6 na baadaye mechi katika seti ya tano.

Somo kubwa la 2023 ni kupiga sevu na kuifuata wavuni, na lipo kwenye seti ya pili ya fainali ya US Open dhidi ya Medvedev. Seti hiyo ilichukua saa 1 na dakika 44. Djokovic alikuwa amechoka waziwazi, anainama akishika magoti baada ya mikimbizano mirefu. Medvedev hupokea akiwa mita kadhaa nyuma ya mstari, karibu na mabango. Djokovic akaanza kupiga sevu pembeni na kukimbilia mbele. Unaweza kuifanya hata kama hujawahi kuwa mchezaji wa wavuni, ilimradi masharti matatu yatimie.

Mpinzani awe amesimama mbali nyuma. Akiwa ameukanyaga mstari wake, mpira utakurudia miguuni kabla hujafika popote.

Sevu iende pembeni au mwilini, isiwe ya kasi ya mwisho. Sevu ya polepole kidogo yenye mzunguko inakupa muda wa hatua mbili za ziada.

Usikimbie moja kwa moja hadi wavuni. Mstari wa sevu uko mita 6.40 kutoka wavuni. Ukiukaribia, fanya kijiruko kile kile cha mapokezi wakati mpinzani anapogusa mpira, kisha ndipo uende kwenye voli, yaani kupiga mpira kabla haujadunda. Wanaoanza hukimbia bila kusimama, na mpira ukipita pembeni wanautazama tu. Voli ya kwanza ipeleke upande ulio wazi, kwa raketi isiyorudi nyuma hata kidogo.

Alishinda seti ile kwa taibreki, baada ya kuokoa pointi moja ya seti akiwa nyuma 5–6, na hiyo nayo aliiokoa akiwa wavuni. Mechi iliisha 6–3, 7–6, 6–3.

Vifaa na chakula

Raketi yake ni ya Head tangu 2009, lakini ya dukani yenye rangi ile siyo aliyoshika yeye. Yake ni nzito na imeongezewa uzani kwa vipimo vyake. Nyuzi anazochanganya ni za utumbo wa mnyama kwenye wima na poliyesta kwenye mlalo. Utumbo ni ghali na hauvumilii unyevu. Kwa anayecheza mara mbili kwa wiki, nyuzi laini za sintetiki zinatosha kabisa. Ukitaka kuchanganya, weka poliyesta kwenye mlalo tu na uibadilishe ikishakufa, maana hailegei kwa macho bali kiwiko ndicho kinachokuambia.

Kuhusu gluteni: Djokovic, ambaye wazazi wake waliuza piza kwenye mlima wa Kopaonik, aliacha ngano kwa ushauri wa daktari aliyemfuatilia yeye. Kama tumbo lako halina shida, kuacha chapati hakutakuongezea pointi hata moja.

Namna ya kutazama

Usitazame mechi nzima. Chagua seti moja, zima sauti, na ipitie mara tatu. Mara ya kwanza tazama miguu ya Djokovic peke yake hadi seti iishe, hata mpira ukiwa upande wa pili. Mara ya pili hesabu mapigo ya kila pointi; ukifanya hivyo kwa seti ya kwanza ya fainali ya Wimbledon 2011 na ya kwanza ya US Open 2023, utaona kwa macho yako miaka 12 ya kubana pumzi. Mara ya tatu tazama mpinzani amesimama wapi kabla ya kila sevu. Kisha nenda uwanjani siku hiyo hiyo na kitu kimoja tu ulichoandika, ukifanyie dakika 30, kabla ya kuanza kucheza seti na mtu.